Mwandishi wa Notisi za Mjane

Kama umesoma sekondari kokote kati ya Mbalizi na Ipogolo miaka hii, ukafika kidato cha nne na ukalazimika kujibu swali la riwaya kwenye mtihani wa Kiingereza, basi mwandiko wake unaujua. Herufi zimelalia kulia kidogo, kila g ina mkia mrefu, na chini ya kila kichwa cha habari pana mistari miwili ya rula. Umeukuta kwenye fotokopi iliyotolewa kutoka kwenye fotokopi nyingine, umefifia, pembeni pana alama nyeusi za pini. Maneno yake umeyakariri kama yalivyo. Uso wake huujui, na wengi wenu mnaamini alishakufa.

Hajafa. Mimi alinifundisha miaka minne katika shule ya kata pale Chimala, na baadaye nikarudi nikiwa mwalimu na kukaa naye chumba kimoja cha walimu miaka sita, kabla sijahamishiwa Iringa. Jina lake sitalitaja. Angechukia, na hata hivyo sisi hatukulitumia. Walimu wengine tuliwaita sir na madam. Yeye alitaka aitwe Mwalimu, basi. Alisema akiitwa sir hugeuka kuangalia nyuma, aone nani ameingia.

Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kuisahau. Alivaa sweta la kahawia hata katika joto la Chimala, joto ambalo wenyeji wenyewe wanalilalamikia. Alisahihisha kwa penseli. Kalamu nyekundu hakuwa nayo, na mkuu wa shule alipomletea boksi zima alimgawia mwalimu wa hesabu. Nilipokuja kuwa mwenzake nilimuuliza sababu, nikitegemea jibu zito. Akanijibu, "Nakosea sana, bwana mdogo. Penseli inafutika."

Kama ungemuuliza mwanafunzi wake yeyote amkumbuke kwa neno moja, angekutajia lile swali. Ulikuwa unampelekea insha, anaisoma kwa kunong'ona, anafika mahali anasimama. "Hapa umeona au umeambiwa?" Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Nakumbuka insha yangu ya kwanza, kidato cha kwanza, niliyoianza kwa sentensi niliyoipenda mno: kijiji changu kimezungukwa na milima mizuri ya kijani.

"Wewe unakaa wapi?" akaniuliza.

"Hapa hapa, Mwalimu."

"Milima iko upande gani?"

Nikaonyesha.

"Na upande ule mwingine?"

"Mashamba ya mpunga."

"Sasa milima imezungukaje? Au usiku inahamahama?" Darasa zima likacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke. "Hapo umeambiwa. Nenda nje ukaangalie, halafu urudi uniandikie."

Nikatoka kweli. Nilisimama nyuma ya vyoo kipindi kizima nikiutazama mlima niliozaliwa chini yake, na niligundua kwamba kwa chini haukuwa wa kijani hata kidogo. Nikaandika hivyo. Akaweka alama ya vema ndogo kwa penseli, pembeni kabisa, na mpaka leo hakuna cheti kilichonifurahisha kuliko ile alama.

Msimu wa mpunga kuiva, darasa letu lilikuwa linabaki nusu. Watoto walipelekwa mashambani kuamia ndege, wanashinda juu ya dungu wakipiga madebe na kurusha mawe. Wakirudi shuleni, walimu wengine waliwapokea kwa fimbo. Yeye aliwapokea kwa kudai madaftari, maana kabla hawajaondoka alikuwa amempa kila mmoja daftari lililokatwa nusu, aandike anachokiona akiwa juu ya dungu, kwa Kiingereza chochote alichonacho. Msichana mmoja aliandika ukurasa mmoja tu kuhusu jinsi kundi la ndege linavyobadilika rangi likigeuka, na jinsi mdogo wake alivyosinzia akiwa na jiwe mkononi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Mwalimu alizunguka na ule ukurasa wiki nzima. Alimsomea mkuu wa shule, akamsomea mpishi, ambaye Kiingereza hakukijua, lakini alisikiliza kwa heshima mpaka ugali ukaungua chini. Tulikula ugali unaonuka moshi, na yeye akatuambia kwamba siku hiyo fasihi imetuingia mwilini.

Msinifikirie namchora malaika. Alikuwa na dhulma zake. Wawili wakinakiliana insha, alimwacha aliyenakili na kumchapa aliyenakiliwa, eti kwa nini amekubali kugeuzwa fotokopi. Nilichapwa kwa kosa hilo mara mbili na bado linaniuma. Alifoka juu ya kukariri, alikuita kasuku mbele za watu, wakati yeye alikuwa na kitabu kizima cha nyimbo za kanisani kichwani, beti zote, na kwenye misiba aliwakatisha waimbaji akiwaambia wameruka ubeti wa tatu. Walimu wengine walikuwa wanamfungia mwanafunzi kibao shingoni akikutwa anaongea Kiswahili. Yeye alikitupa kile kibao kwenye shimo la taka, kisha yeye huyo huyo akatukatalia kwenda haja mpaka tuombe ruhusa kwa Kiingereza kilichonyooka. Wapo waliopata aibu kubwa darasani kwa sababu hiyo. Nilipomkumbusha ukubwani, aliangalia chini na kusema kweli, hapo alikosea.

Na hakujua kumkatalia mwalimu mwenzake kitu. Akiazimwa mwavuli, anarudi nyumbani amelowa. Udhaifu huu ndio uliomponza, na mwandiko wake mzuri ukamalizia.

Tulipokuwa kidato cha tatu shule ilipata riwaya ya Kiingereza iliyokuwa kwenye orodha ya mtihani. Tuseme ilipata nakala moja. Hadithi yake ni ya mjane aliyeachiwa mashine ya kusaga mahindi, na shemeji yake anayetumia kila hila amnyang'anye. Mwalimu alitusomea kwa sauti, sura moja kila kipindi, huku akitembea kati ya madawati. Akawa shemeji, akawa mjane, akawa mpaka mashine yenyewe. Tulifika mahali ambapo baraza la ukoo limeamua mjane atoke kesho yake. Mwalimu akafunua ukurasa, na hapakuwa na ukurasa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechomoka zote, zimebaki nyuzi.

Mwalimu mwingine angekasirika. Yeye alicheka. Akatuambia mwandishi ametuachia kazi, kila mmoja akaimalizie hadithi nyumbani. Wiki iliyofuata alisoma miisho yetu yote, na akauchagua wangu.

Ndiyo, ni mimi. Katika mwisho wangu mjane anaamka kabla hakujakucha, anaimwagia mashine dizeli iliyobaki kwenye dumu, anaichoma, kisha anakaa kwenye kigoda akiingoja familia ya mume wake. Mwalimu aliusoma mbele ya darasa, na hakuniuliza kama nimeona au nimeambiwa. Halafu akaunakili kwenye daftari lake la maandalio, kwa mwandiko ule ule, na juu ya ukurasa akaandika kwamba huu ni mwisho uliobuniwa na mwanafunzi, si wa mwandishi. Chini yake akaweka maswali ya kutufikirisha: je, kuichoma kunamkomboa mwanamke huyu, au kunamfukarisha? Majibu tuliyoyatoa darasani akayaandika pia, kwa namba, moja mpaka sita.

Mwaka uliofuata mwalimu wa shule ya jirani alimwazima lile daftari. Shule yao haikuwa na nakala hata moja ya kitabu. Akalipeleka stationari kutoa fotokopi, ukurasa ukakaa vibaya kwenye mashine, na mstari wa juu ukakatika. Mstari mmoja tu. Kilichobaki kilikuwa mwisho wangu na majibu yetu sita, kwa mwandiko mzuri kuliko chapa ya kitabu chochote.

Kutoka hapo hakuna aliyeweza kuzikamata zile fotokopi. Zilifika Mbeya mjini, zikafika Mbalizi, zikapanda Makambako, zikateremka mpaka Iringa. Watu waliziita notisi za mjane. Zilikuwa fupi, zinasomeka, na mtu aliyekariri zile pointi sita alijibu swali bila kukiona kitabu. Vitabu vyenyewe vilipoanza kupatikana vikabaki makabatini.

Yeye aligundua ukubwa wa kosa hilo miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimesharudi pale kufundisha. Serikali ilituletea boksi la ile riwaya, nakala mpya kamili, na Mwalimu akazisoma kurasa za mwisho pale pale ofisini kwa mkuu, amesimama. Alipomaliza alitafuta kiti. Katika mwisho wa kweli mjane hachomi chochote. Asubuhi anafungua mlango wa mashine kama siku zote, akina mama wanakuja na madebe yao ya mahindi, wanapanga foleni, na shemeji anafika na wazee wake anakuta foleni imefika barabarani. Hapo ndipo kitabu kinapoishia. Alinipa nikasoma. Nilikuwa na digrii, tena ya ualimu wa lugha, na niliona wazi kwamba mwisho ule uliuzidi wangu mbali sana, na roho ikaniuma.

"Tumewadanganya watoto wa watu," alisema.

Nikamwambia itasahaulika. Sikumjua vizuri, kumbe.

Kuanzia likizo ile akaanza kuzunguka. Alinakili kurasa za kweli kwa mkono, akaandika na maelezo, akaenda stationari moja baada ya nyingine, Chimala kwanza, kisha Mbeya, akiomba zile za zamani ziondolewe. Nilimsindikiza Mbalizi mara moja, na sikurudia, maana nilishindwa kuvumilia. Binti wa pale dukani alimsikiliza vizuri tu, huku mashine ikiendelea kutoa karatasi.

"Sawa, baba, nimekuelewa. Lakini hii ndo inayotoka. Hiyo yako nani ataiuliza?"

"Hiyo inayotoka niliandika mimi."

"Hii?" Binti akacheka, bila ubaya. "Hizi ni za mwalimu mmoja wa Tukuyu huko, marehemu. Alikuwa kichwa kweli kweli."

Mwalimu akaomba kalamu. Akaandika sentensi moja nyuma ya karatasi iliyoharibika, mkia wa g na kila kitu, akamsogezea. Binti akaitazama, akamtazama yeye.

"Eeh, umeweza kumwiga kabisa," akasema.

Mwalimu akatoa toleo jipya la notisi, lenye mwisho sahihi. Wanafunzi wakaliona wakasema feki, wanataka orijino. Mtu mmoja akaipiga picha ile orijino kwa simu, na tangu hapo inatembea kwenye magrupu ya simu, inafika shule ambazo yeye hata majina yake hajawahi kuyasikia. Sasa ungemzuia nani? Nilimwona mtu huyu, aliyekuwa anatoa nusu saa kwa kiwakilishi kimoja, akizungukwa na jambo lisilo na pa kulishikia. Alikonda. Alistaafu akiwa hajalimaliza, akahamia Mbalizi alikojenga, na kila tulipoongea kwa simu aliniuliza hali ya watoto, kisha akaniuliza kama bado wanaichoma mashine.

Nilimjibu wachache. Nilimdanganya. Kuna jambo nililiona nikashindwa kumwambia. Kwenye mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule kadhaa hutunga na kusahihisha pamoja, nilipangiwa swali la riwaya. Nikafungua mwongozo wa kusahihishia, na pointi ya nne ikasema mwanafunzi aeleze namna mjane alivyojikomboa kwa kuchoma mashine. Alama tano. Walimu tulikuwa kumi na zaidi mezani, wote vijana, wote tumepitia zile notisi. Nilitakiwa kunyoosha mkono. Nilijiambia nitanyoosha baada ya chai. Baada ya chai tukaanza kusahihisha, karatasi zikawa nyingi, na nikampa kila aliyechoma alama zake tano. Mmoja alikuwa amesoma kitabu chenyewe, akaandika habari ya foleni. Nilimtetea kidogo, mwenzangu akaangalia mwongozo, akatikisa kichwa, tukampa moja.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya mtihani wa mock, nilikuwa darasani hapa Ipogolo, kidato cha nne, watoto wamebanana wanne dawati moja. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, simu mkononi, natoa notisi. Naomba mnielewe, nilikuwa na mikondo mitatu ya namna hiyo. Nilikuwa nimefika pointi ya nne niliposikia madawati yanasogea na watoto wanasimama. Nikageuka. Alikuwa mlangoni na sweta lake, bahasha ya kaki kwapani. Alikuja Iringa kwenye harusi ya binti wa kaka yake, akaona apite kunisalimia.

Nikampa shikamoo. "Marahaba. Endelea, mwanangu, usikatishe kwa ajili yangu," alisema, akaenda kukaa nyuma.

Nisingeweza kuendelea. Nikawaambia watoto, kwa aibu, kwamba mzee huyu ndiye mwandishi wa notisi za mjane. Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Nikamwomba aje mbele.

Alizitoa kurasa za kweli kwenye bahasha akazisoma. Sauti ilikuwa imepungua, lakini alitembea kati ya madawati vile vile, na pale foleni inapofika barabarani darasa lilikuwa limetulia kabisa. Akawauliza wanamwonaje yule mjane. Mvulana mmoja akasema ni mwoga. Mwingine akabisha, akasema mama yake anauza ndizi stendi, na siku walipofukuzwa kwenye nyumba ya kupanga aliamka akaenda kuuza vile vile, maana wateja hawahusiki. Mwalimu akasimama mbele ya yule mtoto. "Endelea," akamwambia. Mtoto akaendelea, Kiingereza kikamwishia, akamalizia kwa Kihehe, wenzake wakamtafsiria. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa Chimala tena, na niliamini jambo hili linarekebishika.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Ndiye wa kwanza darasani, anaishi na bibi yake, na shule nzima inategemea afike kidato cha tano.

"Samahani, Mwalimu. Kwenye mtihani tuandike ipi?"

Mwalimu akanitazama mimi. "Wanasahihisha ipi?"

Ikabidi niseme. Nikamwambia habari za mwongozo, za alama tano, za yule mtoto aliyepata moja. Niliyasema hayo kwa sauti ya chini, lakini darasa lilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Hakunigombeza. Ningepona kama angenigombeza. Msichana alikuwa bado amesimama, kalamu mkononi, haelewi kwa nini watu wazima wawili wanaangalia sakafu.

"Mimi nataka tu kujua, Mwalimu," akasema taratibu. "Nikikosa hili swali ndo basi."

Mwalimu alizikunja zile kurasa akazirudisha kwenye bahasha. Akamuuliza jina lake, naye akamtajia. Akamuuliza anataka kusomea nini, akasema unesi.

"Andika ya kuchoma," akamwambia.

Darasa likapumua. Madaftari yakafunguliwa, na msichana akauliza kama wanaweza kumaliziwa ile pointi ya nne iliyokatishwa. Nikachukua simu niitafute. Mwalimu akanizuia kwa mkono, hakuhitaji simu. Akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akaitoa yote kwa kichwa, neno kwa neno, akitaja mpaka nukta na mkato, nao wakaandika. Alipofika mwisho aliuliza kama kuna aliyeachwa nyuma. Mkono mmoja ukanyooshwa, akairudia polepole.